Matanga ya Mzee Hilaire

Jumapili, 2 Julai 2017

Naanza shajara leo. Watu wakubwa wote huandika shajara, na mimi nimechelewa tu kwa sababu ya kazi.

Baada ya ibada nilimwona binti yangu akicheka. Jacky ana miaka kumi na mitano. Kwangu huwa anatoa neno moja, la Kiingereza, na hilo moja pia ni kwa taabu. Lakini pale mezani kwenye chai alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Nikasogea nijue kuna nini. Alikuwa anaongea na Méthode.

Méthode ni Mrundi, zamani mwalimu kwao na katika kambi ya wakimbizi Tanzania, sasa afisa wa manispaa hapo Campbelltown. Anavaa skafu hata ndani ya kanisa. Miwani yake inaning'inia shingoni kwa kamba, ili tujue ana miwani. Kumbe yeye na Jacky wanasoma riwaya moja, ya Kifaransa, ya zamani, nene kuliko Biblia ya mama yangu. Yeye anaisoma kwa Kifaransa, binti yangu kwa Kiingereza. Sura moja kila siku, Jumapili wanakutana kuijadili. Nikauliza kilichochekesha ni nini. Jacky akasema, “Nothing, Dad. It's in the book.” Méthode akaniuliza, kwa ile adabu yake inayonuka, siku hizi ninasoma nini. Nikajibu ninasoma mengi. Akaniuliza kama yapi. Nikamwambia chai inapoa.

Njiani nilimweleza mke wangu Kawira kwamba kuanzia kesho nitasoma kitabu hicho kila siku mpaka nikimalize, kabla ya Méthode na skafu yake. Kawira alicheka. Kisha akanikumbusha gitaa, banda la kuku, na ile mashine ya kukimbilia ambayo sasa tunaanikia nguo. Mwanamke huyu ni muuguzi, amezoea kuona watu wakishindwa.

Hapa hakuna anayesoma, kwa hiyo naandika wazi. Nataka Jacky acheke na mimi vile. Basi. Mengine ni mapambo.

Jumatatu, 3 Julai 2017

Mpango wa kwanza: kusoma alfajiri. Wataalamu wote hufanya hivyo. Kitabu nilikiazima mezani kwa Jacky, maana yuko likizo na huwa anasoma jioni. Hatajua.

Baridi ya Minto, kitongoji chetu hapa Sydney, mwezi wa saba haina utu. Nilijifunika blanketi, nikasogeza hita miguuni, nikafungua ukurasa wa kwanza. Hali ya hewa. Ukurasa wa pili, hali ya hewa bado. Kisha geti. Mwandishi huyu ameeleza geti moja mpaka nikalichukia. Kwetu geti ni geti, unabisha, unafunguliwa, unaingia. Wafaransa walikuwa na muda wa kupoteza.

Kawira aliporudi kutoka zamu hospitalini alinikuta paji la uso liko juu ya kitabu. Akauliza kama nilikuwa nasali. Nikasema ndiyo.

Hata hivyo nilishakutana na mhusika mkuu. Mzee Hilaire, mwenye shamba na kinu cha kusaga ngano, na mabinti watatu wasiomjali. Nikaona si vizuri juhudi zangu zikae gizani. Tuna kundi la WhatsApp la kanisa, linaitwa Familia ya Minto, ambako watu hutangaza watoto waliozaliwa, ndugu waliofariki na sufuria zilizopotea. Méthode hayumo, ana kisimu cha vitufe anachojivunia. Lakini habari hazikai mahali hapa Minto, zitamfikia. Nikaandika: “Wapendwa, leo alfajiri nilikuwa na Mzee Hilaire. Mzee wa heshima, ila ana huzuni. Mabinti zake hawamwangalii.”

Kabla sijafika stesheni majibu yalikuwa yamejaa. Mama Anésie, kiongozi wa akina mama, ameandika kwamba watoto wa siku hizi hawana shukrani. Mchungaji Juvénal ametuma mikono ya maombi. Nimeshangaa sana. Sikujua kanisa letu lina wapenzi wa fasihi.

Jumanne, 4 Julai 2017

Mpango wa pili: treni. Kutoka Minto mpaka mjini ni safari ndefu, na Waafrika wenzangu wote huipoteza kwa kuangalia simu. Mimi nilikaa dirishani na kitabu nikakiinua juu, jalada likiwaelekea abiria. Mama mmoja wa Kizungu alinitabasamia. Nikakunja uso kama mtu aliyezama katika mawazo.

Nilizama kweli. Treni yetu ikifika mjini huzunguka stesheni za pale katikati kisha inarudi ilikotoka. Nilizinduka nikaona miti. Tulikuwa Glenfield, tunaelekea nyumbani. Nikavuka upande wa pili, nikasubiri nyingine. Ofisini, ambako mimi ni afisa wa kumbukumbu katika kampuni ya mawakili (wenye wivu husema ninabeba mafaili), nilimwambia bosi kulikuwa na matengenezo ya reli. Hilo mtu wa Sydney halipingi kamwe.

Kosa si langu, kosa ni la mwandishi. Nikabuni njia bora. Katika kila sura nasoma aya ya kwanza na aya ya mwisho. Katikati wanajazia tu, kama pilau ya hotelini. Kwa njia hii nilimeza sura nyingi wakati wa chakula cha mchana. Mambo yamechacha. Mzee Hilaire ameanza kukohoa. Mke wake, Mama Clotilde, anazungumza sana na mwanasheria wa kijiji.

Nikawaandikia wapendwa wangu: “Mzee Hilaire ameanza kukohoa. Usiku halali. Nina wasiwasi.”

Kundi liliwaka. Pole kwa huyu, tunaomba kwa yule. Kipchumba, yule Mkalenjin anayetunza wazee huko Ingleburn, akauliza yuko hospitali gani. Swali la mtu asiyejua historia. Nikamjibu kwa upole kwamba yuko nyumbani tu, hospitali iko mbali na njia ni mbovu. Kipchumba akaandika kwamba inasikitisha sana, katika nchi kama hii. Nikamwacha. Wengine hawawezi kuelewa kuwa mambo haya ni ya Ufaransa.

Jumatano, 5 Julai 2017

Bega linauma. Kitabu kizito. Kila asubuhi nakiingiza kwenye mfuko wa koti, hakiingii, kila jioni nakirudisha mezani kwa Jacky kabla hajarudi kutoka kwa rafiki yake. Leo ameniuliza, kwa Kiingereza, kama nimeona kitabu chake. Nikasema kitabu gani. Sentensi nzima alinipa. Tayari tunasogea.

Jioni Kawira akiwa zamuni nilipata wazo ambalo Mrundi na miwani yake hajawahi kulipata. Kitabu ni kama mkate. Nani hubeba mkate mzima kwenda kazini? Nikachukua kisu cha mkate, kile chenye meno, nikakikata kitabu vipande vinne safi kabisa. Ile sauti ya gundi ikiachia ilinifurahisha. Nitakuwa nabeba kipande kimoja tu mfukoni. Jioni nitavipanga na kuvifunga kwa mpira, mwenyewe hatagundua chochote.

Pembeni mwa kurasa kuna mtu amechafua kwa penseli, vijineno vidogo vidogo. Sikuvisoma. Nina kazi.

Ijumaa, 7 Julai 2017

Siku mbaya. Naandika kwa kifupi.

Kipande cha tatu kimebaki kwenye treni. Nilikiweka kitini ili nifunge kamba za kiatu. Nimepiga simu kwa watu wa vitu vilivyopotea, yule kijana akaniuliza ni kitabu gani, nikamwambia si kitabu, ni robo ya kitabu. Akasema ataandika “karatasi”.

Niliporudi nyumbani Jacky alikuwa amekaa na vipande vilivyobaki mapajani. Mpira ulikatika. Alinitazama. Nilingoja kelele, nilingoja hata lile neno lake la siku zote. Akaingia chumbani na ule mkanda mweupe wa bandeji ambao mama yake huja nao kutoka kazini, na nikamsikia kwa muda mrefu akiuchana na kubandika, akiuchana na kubandika.

Niliumia. Nakiri. Nilisimama mlangoni mkono uko juu tayari kubisha, nikaushusha. Vitabu vya siku hizi havishonwi vizuri, lazima isemwe. Cha zamani kingeshikana chenyewe.

Lakini mtu hakati tamaa. Kwa kuwa kipande cha tatu hakipo, niliruka nikaenda cha nne, nikamchukulia Jacky kitabu, bandeji na yote, kutoka chini ya mto alipokuwa bafuni. Sura inaanza siku moja baada ya mazishi. Mzee Hilaire amekufa. Amekufa kwenye kipande kilichoko labda Campbelltown, labda Macarthur, chini ya kiti. Sikuona alivyokufa. Ila si vigumu kukisia, mimi nimehudhuria misiba mingi.

Nikaandika kwa uzito unaostahili, maana namna ya kuandika mambo haya katika kundi letu inajulikana: “Wapendwa, kwa majonzi makubwa nawajulisha kwamba Mzee Hilaire ametutoka. Amelala kwa amani, akiwa amezungukwa na mabinti zake wote watatu, ambao walimwomba msamaha. Ameacha mjane, Mama Clotilde.”

Sijawahi kupata majibu mengi hivyo maishani mwangu, hata nilipooa. Mama Anésie akauliza tunakutana wapi, na saa ngapi. Moyo ulinidunda. Wanataka kukutana. Wanataka kukijadili. Méthode amekuwa akijadili vitabu na mtoto mmoja karibu na biskuti, mimi nakusanya kanisa zima. Nikajibu: “Karibuni nyumbani kwangu, kesho alasiri.”

Nimesafisha sebule mwenyewe. Nimeweka gitaa mahali linapoonekana.

Jumamosi, 8 Julai 2017

Nitajaribu kuandika kwa utulivu.

Waliwasili wakati nachemsha chai. Wote wamevaa nyeusi. Nikafikiri ni sawa, watu wa vitabu huvaa nyeusi, nimewaona kwenye mikahawa ya mjini. Kipchumba aliingia na viti vya plastiki kutoka ukumbi wa kanisa. Akina mama waliingia na sufuria, moja baada ya nyingine, na bila kuniuliza wakasogeza makochi ukutani, wakatandika mikeka, wakaketi na kujifunga leso kichwani. Mama Anésie alinishika kichwa kwa mikono yote miwili akakilaza begani kwake. Akasema nilie tu, nisijikaze. Nikafikiri Warundi wana namna yao ya kuanza mjadala.

Nilianza kuelewa kwenye wimbo wa tatu.

Mtu jasiri angesimama papo hapo akasema. Rahisi sana kusema hivyo kama hujawahi kuwa mimi. Sebule imejaa, watu wameacha zamu zao, Mchungaji Juvénal amefumba macho na anamwombea Mama Clotilde apate nguvu ya kulea. Ningeanzia wapi? Nikatoa kitambaa mfukoni, nikajipangusa macho.

Hapo ndipo Kawira aliporudi.

Aliona viatu mlangoni. Alisikia wimbo. Mkoba ukamwanguka. Baba yake yuko Meru na hajisikii vizuri tangu Pasaka, na kila simu ya usiku huipokea akiwa amesimama. Aliniangalia kupita vichwa vya watu akauliza kwa sauti ndogo sana kama ni baba. Nilitikisa kichwa. Akauliza basi ni nani. Nikamvuta jikoni nikamweleza, yote, geti na kikohozi na kundi la WhatsApp.

Hakufoka. Aliegemea sinki akafungua maji, akanawa uso, akakaa hivyo maji yanatiririka. Sipendi kuandika sehemu hii, nitaiandika haraka. Aliniambia niende niwaambie, sasa hivi. Nikasema baada ya sala. Akasema Ogutu, mara mbili, jina langu tu.

Niliporudi sebuleni Mchungaji alikuwa ananitafuta. Akatangaza kwamba Ndugu Ogutu, aliyekuwa na marehemu mpaka mwisho, atatuambia machache juu yake. Nikasimama. Kusudi langu lilikuwa kusema ukweli, lakini walinitazama kwa heshima ambayo sijaizoea, wote kwa pamoja, na mdomo ukajiendea wenyewe. Nikasema Hilaire alikuwa mtu wa watu. Nikasema alijenga geti zuri sana. Nikaeleza alivyokufa, mabinti watatu wamepiga magoti kando ya kitanda, mmoja amemshika mkono, mmoja anaimba. Akina mama walikuwa wanalia. Kipchumba alikuwa analia.

Kisha sauti ikatoka koridoni. “Baba, si hivyo.”

Jacky. Kwa Kiswahili. Nilikuwa sijasikia Kiswahili cha mtoto huyu tangu alipokuwa na meno ya utoto. Kila mtu aligeuka. Alikuwa amekumbatia kitabu chake, kimefungwa bandeji kama mgonjwa, na uso wake umekunjamana kwa hasira, si kwa aibu. “Hakuna binti alikuja,” akasema. “Not even one. Alikufa kwa kinu, peke yake. You can't just change it. That's the whole point, Baba.”

Sufuria moja ilisikika ikichemka.

Wakati huohuo mlango ukafunguliwa akaingia Méthode, suti nyeusi, skafu nyeusi (anayo na nyeusi pia), akitoa pole mlangoni kwa kila mtu. Aliambiwa tu kwamba mzee wa Kirundi anayeitwa Hilaire amefariki kwa Ogutu, na njia nzima kutoka Campbelltown alikuwa anajiuliza ni Hilaire yupi, maana anawajua kadhaa. Mama Anésie akamwambia ni Hilaire mume wa Clotilde. Méthode akasimama. Akauliza, ni yule mwenye kinu? Mchungaji akasema ndiyo, mwenye kinu. Méthode akanitazama mimi. Akakitazama kitabu mkononi mwa Jacky. Akaketi polepole, akavua miwani, akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilifikiri analia. Hakuwa analia, yule mnafiki.

Basi ikajulikana. Kipchumba alisema ameacha zamu nzima. Mchungaji alisema, kwa uchungu, kwamba amemtaja mtu huyo katika sala tangu Jumanne, tena kwa jina. Mmoja akauliza kama mimi ni mzima. Nikawaeleza kwamba palikuwa na kutoelewana, na kwamba lawama nyingine ni za wao wenyewe, kwa kutosoma. Maneno hayo hayakusaidia.

Aliyeniokoa ni Mama Anésie, nami sitamshukuru kwa sababu hakukusudia. Alisimama katikati ya mkeka na mikono kiunoni. Akasema chakula chake hakirudi nyumbani. Akasema tena kwamba yeye alifunga siku nzima Alhamisi kwa ajili ya mzee huyo, hajanywa hata maji, kwa hiyo ana haki ya kujua yaliyompata. Akamwelekezea Jacky kidole. Akamwambia keti hapa mwanangu, utuambie, tangu mwanzo, bila kuficha.

Jacky akaketi. Akaanza. Kiswahili chake kilikuwa na matundu kila mahali, akiyaziba kwa Kiingereza, na akina mama wakimtupia maneno yaliyompotea, huyu la Kiswahili, yule la Kirundi, mwingine la Kifaransa, naye akiyadaka na kuendelea. Watu walikula huku wakisikiliza. Clotilde alipoanza kuandikiana na mwanasheria, Mama Anésie aliweka sahani chini akasema alijua. Binti mkubwa alipokataa kufungua barua ya baba yake, Kipchumba alitoka nje kidogo. Hata kile kipande cha treni Jacky alikuwa nacho chote kichwani. Mzee Hilaire, alipojua anakufa, aliomba apelekwe kwenye kinu, wakakataa, akajikokota mwenyewe usiku akaweka sikio kwenye lile jiwe, maana alikuwa amezoea kulisikia likizunguka na sasa lilikuwa limesimama.

Hapo Jacky alikilaza kitabu mapajani. Akasema alipofika pale alimkumbuka babu, yaani baba yangu, na kinu chake cha posho kule kwetu Ugunja, Kenya, ambacho hajawahi kukiona ila kwenye picha. Akasema alitaka kuniuliza kama babu naye alikuwa anakisikiliza. Alitaka kuniuliza tangu wiki jana, ila mimi huwa niko busy. Alikuwa ananitazama mimi, si Méthode.

Nikasema ndiyo. Nikasema kilipoharibika alikuwa anaweka sikio kwenye bomba, macho amefumba, na sisi watoto tulikatazwa hata kukohoa. Chumba kizima kilinisikiliza, na safari hii sikuwa nimedanganya.

Jumapili, 9 Julai 2017

Kanisani walinicheka, kwa zamu. Mchungaji alihubiri juu ya ulimi. Aliniangalia mara nyingi mno kwa mtu anayedai ni mahubiri ya wote.

Méthode alinishika mkono akasema katika maisha yake yote ya usomaji hajaona mhusika aliyezikwa kwa heshima vile. Akanikaribisha tusome watatu, mimi na yeye na Jacky, sura moja kwa siku. Wivu mtupu. Ameona umati niliokusanya. Nikamwambia ratiba yangu imejaa.

Familia ya Minto wamenitoa kwenye kundi. Halikuandikwa neno. Niliona tu kwenye simu: “Mama Anésie amekuondoa.”

Kawira anasema nami mambo ya lazima: maziwa, taka, funguo. Amempigia baba yake mara mbili leo. Mara ya pili hakuwa na la kumwambia, alimsikiliza tu akipumua na kulalamika juu ya mvua. Nilikaa karibu. Nikamwambia samahani. Akasema amesikia. Itapita, naamini. Mimi nilikuwa na nia njema na hilo lazima lihesabiwe.

Usiku Jacky alikuja sebuleni mwenyewe. Ana darasa la kuchora mjini wiki hii ya mwisho ya likizo. Akasema, Kiingereza lakini cha polepole, kwamba kama nataka anaweza kunisomea kwenye treni. Sura moja tu. Kwa sharti kwamba sigusi kitabu.

Nilijibu kwamba nitaangalia nafasi. Kisha nikaenda bafuni nikakaa huko mpaka uso ukarudi katika hali yake.

Jumanne, 11 Julai 2017

Leo tumesoma. Tuliketi ghorofa ya juu ya treni, dirishani, kitabu na bandeji zake mapajani mwake. Pale ambapo kipande hakipo ananihadithia kwa kichwa. Ana sauti nzuri, ameitoa kwetu, si kwa kina Kawira. Nilifumba macho ili nizingatie.

Nilipoyafumbua niliona miti. Glenfield tena. Jacky alikuwa bado anasoma, kimya, peke yake, kidole kwenye mstari. Nikamuuliza kwa nini hakuniamsha, tumepita mjini, amekosa darasa. Akasema alitaka kumaliza sura. Akainua kichwa akaona stesheni. Akanitazama. Nikamwambia sikuwa nimelala, nilikuwa nazingatia. Akauliza basi imetokea nini katika sura hii.

Nikafikiri kidogo. Nikasema kuna mtu amekufa.

Alicheka. Mtoto huyu alicheka mpaka akashika mbavu, mpaka akaniegemea begani, mpaka yule mzee wa mbele akageuka. Tukavuka upande wa pili pamoja. Bosi nilimwambia matengenezo ya reli.

Jumamosi, 15 Julai 2017

Nimetafakari wiki hii yote kwa kina na nimefikia hitimisho. Mpango wangu umefaulu, kama nilivyoupanga tangu mwanzo. Jacky anaongea. Méthode ameduwaa. Nimezoea kusoma kila siku, yaani kila siku kuna kusoma na mimi nipo. Kilichokosekana ni hadhira inayofaa. Watu wa Minto ni wadogo kwa mambo haya.

Kwa bahati nzuri bado nimo katika lile kundi kubwa, la Wakenya wa Sydney nzima. Jana kwenye treni Jacky alinisomea mpaka pale mjane anapomkubali yule mwanasheria. Nilikuwa macho karibu wakati wote. Leo asubuhi, wakati yeye na mama yake bado wamelala, nikawapa Wakenya wenzangu habari, kwa kifupi na kwa staha: “Wapendwa, baada ya majonzi huja furaha. Mama Clotilde amekubali kuolewa tena. Mnakaribishwa nyumbani kwangu Jumamosi ijayo, binti yangu atawaeleza yote.”

Sijamwambia Jacky. Safari hii atahadithia mbele ya watu wengi zaidi, na itakuwa zawadi kutoka kwangu.

Pongezi zinamiminika hata sasa ninapoandika. Vigelegele, maua, wanawake wanauliza rangi ya sare. Cheruiyot wa Blacktown, mwenye kukodisha hema na viti, ameniuliza tunatarajia umati wa namna gani. Hatimaye nimepata watu wanaojali vitabu. Nimemwambia alete lile hema kubwa.